Kielelezo cha Mzee Eliezeri

Raheli alikuwa binti Anaeli, na Anaeli alikuwa mwana wa Asheri, yule aliyefundisha watoto kusoma kabla barabara haijafika kijijini Chome, juu milimani. Katika ukoo huo hakuna aliyewahi kuitwa mbele ya wazee kwa uongo, wala aliyempita jirani bila kumwamkia. Hayo yasemwe mapema, ili ieleweke kwamba hila aliyoifanya Raheli haikutokana na malezi mabaya.

Alikuwa muuguzi katika zahanati ndogo upande ule wa milima, miaka ile maduka yalipoanza kujaa sabuni na khanga huku kabati la zahanati likikosa hata bandeji. Siku moja aliletwa Jenifer, yatima wa miaka saba, viganja vyote viwili vimeungua. Mlezi wake, Mzee Eliezeri, alisema mtoto ameanguka jikoni. Raheli akavitazama viganja. Kila kimoja kilikuwa na alama ya ncha ya pasi, imekaa sawasawa kama muhuri. Safari iliyopita alipoletwa, kilichoungua kilikuwa mgongo.

Kutoa taarifa ulikuwa wajibu wake, na aliujua. Lakini Eliezeri alikuwa mzee wa kanisa, tena baba mdogo wa mumewe. Kwa heshima ya ukwe, Raheli hakuwahi hata kumtazama usoni. Tabibu Ernest alimshauri aandike kuwa ni ajali, wafunge kazi. Muuguzi mwenzake, Rabia, alimsimulia jinsi alivyowahi kuripoti jambo kama hilo kwenye mashamba ya mkonge, polisi wakamhoji yeye kuliko mtuhumiwa, kisha akahamishwa. "Ndiyo maana unaniona hapa natetemeka na baridi yenu," akamaliza.

Raheli akavifunga viganja kwa vipande vya khanga yake vilivyochemshwa. Jenifer hakulia. Aliuliza tu kama vidonda vikichelewa kupona ataruhusiwa kukaa hapo hapo.

Swali hilo lilimnyima Raheli raha, mpaka alipokumbuka jambo ambalo milima yote ililijua: Mzee Eliezeri alipenda kesi kuliko nyama. Alikwisha kumshitaki jirani kwa sababu ya mgomba ulioinamia upande wake, na mwingine kwa sababu ya jogoo aliyewika juu ya ukuta wake. Kila alipokwenda mahakamani alivaa koti, kama mtu aendaye harusini.

Basi siku ya msaragambo, kijiji kizima kikizibua mfereji wa maji, Raheli alimwendea, akapiga goti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimekuja kuomba radhi. Nimesema dukani kwamba Jenifer alichomwa kwa pasi nyumbani kwako. Nikaona si adabu kukusema kisogoni, ndiyo nimekuja kukusema mbele."

Majembe yakasimama. Mama mmoja akajifanya anakohoa.

"Umenikashifu mbele ya mashahidi," akasema Eliezeri, na macho yakamng'aa, maana hakuwahi kupata mashahidi wengi kiasi hicho. "Tutaonana mahakamani."

"Usichelewe, baba," Raheli akajibu kwa upole.

Hakuchelewa. Alifika mbele ya Hakimu Hedwiga na koti lake. Na kwa kuwa aliamini kesi isiyo na kielelezo imekwisha kufa, alimleta Jenifer mwenyewe, amefundishwa maneno ya kusema. Hakimu akaagiza vitambaa vifunguliwe. Akavitazama viganja, kisha akamwuliza mtoto alianguka vipi.

"Nikisema, nitarudi naye?" Jenifer akauliza.

"Hutarudi naye."

Akasema.

Mdai aliyeingia kwa madaha alitoka na askari. Jenifer akapelekwa kwa bibi yake mzaa mama, huko Bombo. Tabibu Ernest akatangaza kwamba yeye alikuwa na mashaka tangu mwanzo. Wakwe walimnunia Raheli msimu mzima wa mahindi, naye akawaamkia kila asubuhi, hata wakachoka wao.

Nanyi wajukuu mnaovaa sare nyeupe, sikieni. Raheli alibahatika kukutana na mkatili mpenda mahakama. Wakatili wengi hawaipendi. Mtoto akiletwa na muhuri wa pasi viganjani, msikae kuwaza mkwe gani atanuna wala mtahamishiwa wapi. Nendeni mkaseme siku hiyo hiyo. Hilo si ombi.