Ukingo wa Buti

Dereva wa teksi tunayemwita Kipaza aliingia gereji mchana kweupe, akaubamiza mlango wa gari lake kama ana ugomvi nao.

"Fundi, umeniharibia gari."

Wiki mbili nyuma liligongwa kwa nyuma. Nilinyoosha buti, nikaziba mabonde kwa bodifila, ule udongo wa kuzibia bati, nikapiga msasa na rangi.

"Limeharibika wapi? Unaweza kujitazama humo ukanyoa ndevu!"

"Sitaki kioo. Zamani nikiweka mafuta ya siku, taa ya kuonya yanaisha iliwaka nikifika nyumbani. Siku hizi inawaka darajani, safari bado nusu, na fundi injini anasema injini haina neno. Kesho nawaambia wenzangu wote kijiweni."

Nikanywea. Kijiwe kile ndicho kinachonilisha. Wakinihama, nafunga.

Mke wangu, anayeshona nguo chumba cha pili, akachungulia.

"Baba watoto, kama injini ni nzima na wewe umegusa nyuma tu, labda ni upepo. Bandikeni nyuzi muone unavyopita."

Tukabandika nyuzi za sufu kwenye paa, kioo cha nyuma na buti. Tukabandika na kwenye gari langu, la aina ileile, ambalo sijawahi kuligusa nyuma. Mke wangu akaliendesha sambamba na Kipaza barabara kuu, mimi nikawafuata kwa pikipiki.

Nyuzi za gari langu zilifika mwisho wa buti zikanyooka moja kwa moja nyuma. Za Kipaza zilipinda, zikashuka kuchapa namba ya gari.

Nikajua hapohapo. Kiwandani waliacha ukingo mkali mwisho wa buti. Mimi ukingo mkali nauona kama kazi ambayo haijaisha, nikauviringa kwa bodifila. Pale upepo ulipotakiwa kukatika uende zake, ukawa unazunguka na kulivuta gari nyuma.

"Kumbe ulimshika mwenzio shati akikimbia," mke wangu akacheka nilipomweleza.

Jioni nilibandua bodifila ya mwisho wa buti, nikarudisha ukingo. Asubuhi nikamtangulia Kipaza kijiweni.

"Jamani, gari la Kipaza nililiharibu mimi. Nimeviringa ukingo wa buti pasipoviringwa, likawa linakula mafuta."

 Madereva wanne wakainuka, wakaenda kupapasa nyuma ya magari yao.

"Fundi! Hapa kwangu napo umeviringa!"

"Lete."

"Na mimi?"

"Leteni yote. Sichukui hata senti."

"Utamaliza lini sasa?"

"Mkiacha kuniuliza maswali."

Saa nne foleni ilikuwa imeziba mlango wa gereji, na Kipaza ndiye aliyekuwa akiipanga.