Fizi za Mapokezi

Kabla wageni hawajaamka, wanawake wa mapokezi walijipanga nyuma ya kaunta ya hoteli, na msimamizi akawapitia kwa tochi ya simu.

"Cheka. Haya, cheka. Wewe, cheka."

Kwa Mama Pacha alisimama. Akainama kumchungulia kinywani kama mnunuzi wa punda.

"Mbona weusi wa fizi umerudi? Si tulikupeleka kukwanguliwa?"

"Daktari alisema huweza kurudi, bosi."

"Alikwambia wewe, hakuniambia mimi. Mimi nataka fizi za waridi."

"Sema umekula zambarau, dada," mwenzake alinong'ona. Mstari mzima ukauma midomo kuzuia kicheko.

"Ni safi, bosi. Nimezaliwa nazo. Mama yangu alizikwa nazo."

"Basi marehemu asingepata kazi hapa." Akazima tochi. "Leo ukwanguliwe tena, au kesho ushuke kufua mashuka. Huko chini hakuna wa kumchekea."

Mama Pacha alikuwa amekwisha kuwaona waliokwenda kufua. Hakuna aliyewahi kupanda tena. Na nyumbani walikuwapo watoto wawili, baba yao yuko kaburini.

Saa nane alikuwa juu ya kiti cha daktari, kinywa wazi, macho kwenye dari. Mara ya kwanza alikuwa amekunywa uji wa baridi wiki mbili, kila tone likimchoma kama pilipili. Safari hii alijua kinachokuja, na kujua hakukumsaidia kitu. Alisali kimoyomoyo, akaishia katikati.

Wakisubiri sindano ya ganzi ishike, daktari alishusha barakoa anywe maji. Akatabasamu kumtuliza. Fizi zake zilikuwa nyeusi tii.

"Na wewe, daktari?" aliuliza, ulimi umeanza kuwa mzito. "Hawakukwangui?"

"Mimi nafanya kazi na barakoa, mama." Akaipandisha, akashika kisu.

Alirudi nyumbani jua likiwa bado kali, kinywa kimejaa pamba, midomo imekufa ganzi. Aliwakuta pacha wake uani, kwenye beseni. Kulwa ameshika kioo. Doto anasugua kwa mswaki, si meno, bali fizi juu ya meno, kwa nguvu zote za miaka saba. Povu lililokuwa likidondoka kwenye maji lilikuwa jekundu.

"Mama, angalia!" Doto alikenua. "Zangu zimeanza kung'aa. Na mimi nitakaa mapokezi."

Mama Pacha alifungua kinywa amkataze. Ikatoka damu, na sauti isiyo na neno.

"Umeona?" Doto alimwambia mwenzake. "Anacheka. Haya, zamu yako."