Shavu Lililosajiliwa

Mpiga pasi aliitwa ofisini saa tatu asubuhi, mikono bado ina joto la mashuka. Meneja wa kampuni ya kufulia alimgeuzia kioo cha kompyuta.

"Mama, siku kumi na moja hujaonekana kazini. Kamera ya mlangoni haijakuona hata mara moja. Ukikosa tatu tu, unaachishwa. Sheria unaijua."

Alicheka. Kisha akaona bosi hacheki, macho yakamtoka pima. Unga ulikuwa unakaribia kumwagika, na nyumbani wanaomtegemea ni wanne.

"Bosi, mbona nipo? Hilo shati ulilovaa amelipiga pasi nani?"

Meneja akalitazama shati. Lilikuwa limenyooka, halina ubishi.

"Hapo ndipo na mimi ninapochanganyikiwa. Lakini kamera hii ina akili, mama. Inatambua sura. Haimwonei mtu."

Mpiga pasi akaanza kujitilia shaka mwenyewe. Juzi alikuwa wapi? Akakitazama kidole gumba alichokiunguza juzi hiyo hiyo kwa pasi. Kidonda kipo. Basi alikuja. Au alijiunguza nyumbani?

"Nionyeshe hiyo sura yangu."

Picha ikatokea: mwanamke mwenye shavu moja lililojaa kama mtu anayepuliza moto. Ndiye yeye, siku ya kusajiliwa kamera ilipofungwa. Fundi wa kamera alimsihi asubiri jino lipone; yeye, asije akaambiwa anakwepa, aling'ang'ania apigwe picha siku hiyo hiyo. Kesho yake jino liling'olewa.

Wakaenda mlangoni, meneja ameshika simu iliyounganishwa na kamera. Mpiga pasi akapita. "Hajulikani," meneja akasoma. Mama akachomoa leso, akaikunja, akaisokomeza shavuni, akapita tena.

"Yupo!" Meneja akashusha pumzi. "Afadhali umerudi, mama."

"Kutoka wapi?" aliuliza, leso mdomoni.

"Zile siku kumi na moja nitaandika ulikuwa unaumwa jino. Kazi yako ipo."

"Lakini nilikuwa napiga pasi!"

Miaka tisa wamesalimiana kila asubuhi, mlango huo huo. Alishindwa kujua hasira zake azielekeze kwa kamera, kwa bosi au kwa jino. Meneja alikuwa bado anaitazama simu.

"Fundi atakuja mwezi ujao," alisema. "Kesho usiisahau hiyo leso."