Vidonge vya Watu Wawili

Mimi si mtu wa kupiga kelele mbele ya watu, lakini siku ile kwenye kliniki ya kifua hapa Temeke nilipiga, na wagonjwa wote waliokaa kwenye benchi walinisikia. Bi Mwanakombo, muuguzi wetu, alinitazama juu ya miwani yake akaniambia kwamba makohozi ya mume wangu bado yana wadudu, tena wengi kuliko mwaka jana, kwa hiyo mimi mkewe ni mzembe. Mimi, ninayeamka saa kumi alfajiri kuwahi zamu kiwanda cha nguo, nikimwachia Albano uji na kidonge chake kando ya kikombe.

Sindano za miezi miwili alichomwa zote. Makalio yalivimba mpaka akawa anachonga vinyago vyake amesimama. Baada ya sindano vikaja vidonge vya mwaka mzima, kimoja kila siku, na hakuna mwezi tuliokosa kuvifuata. Na bado naitwa mzembe.

Bi Mwanakombo aliniacha nimalize, kisha akanivutia kiti. Alisema makohozi yalipelekwa maabara kubwa, wadudu wakaoteshwa, wakawekewa dawa ileile anayomeza Albano. Wakastawi humohumo, kana kwamba wako kwa shangazi yao.

"Sikiliza, mama," akasema. "Hawa wakikaa pafuni muda mrefu wanazaana, na katika kuzaana hakosekani mmoja mbishi asiyetishwa na dawa. Mgonjwa akimeza kila siku bila kukosa, mbishi anapata tabu kuinuka. Akimeza leo akaruka kesho, wanakufa wale wapole, mbishi anabaki na nafasi yote. Anazaa wabishi wenzake. Mumeo anarukaga siku. Kamuulize."

Sikupitia nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja Mtoni, kwenye kibanda cha wachongaji, nikawakuta wamezunguka sinia la ugali. Pembeni ya Albano alikaa Leodegar, mtu wa kwao Newala, anakohoa. Miezi yote ile nilidhani ni vumbi la mpingo. Nikamuuliza mume wangu vidonge anamezaje. Hakuficha hata kidogo, na hilo ndilo lililonichoma zaidi.

"Jumatatu mimi, Jumanne yeye," akasema. "Tangu sindano zilipokwisha."

Mwenye kutujua Wamakonde hatashangaa. Hawa wawili walitiwa jando pamoja, wakauguza vidonda vyao katika kibanda kimoja porini. Waliotoka jando moja hawanyimani. Anayekula akampa mwenzake wa jando kisogo ataimbwa vibaya kila ngoma mpaka azeeke. Albano alikuwa na kidonge, mwenzake hana, basi wakagawana kama muhogo. Kidonge chenyewe walikimeza mchana, kwenye sinia, siyo kwenye uji wangu.

Na kwa nini Leodegar hakwenda kuchukua vyake? Kwa sababu kliniki ilidai barua ya balozi wa nyumba kumi, na Leodegar hakuandikishwa popote. Kuchonga kwake hakukuwa na kadi kama kwa Albano. Mwaka ule, asiye na kadi ya kazi aliokotwa barabarani, akapandishwa lori, akapelekwa kijiji cha ujamaa akalime. Kwa hiyo alijificha na kikohozi chake.

Nilifoka. Niliwaambia wamechimbiana makaburi kwa mikono yao, na kwamba undugu wa namna hiyo ni uchawi. Wenzao waliacha kula. Albano alinawa mikono taratibu.

"Mama Anjelina," akasema, "ulitaka nimeze mwenzangu ananitazama?"

Nikazidi kukasirika.

Nilirudi kliniki nikamweleza Bi Mwanakombo, akasema zipo dawa nyingine, chache na kali, angemwombea Albano. Ila alitoa sharti. Huyo mwenzake naye aje, kwani wanakoholeana kibanda kimoja, na dawa hizi zikishindwa hakuna tena za kumpa Albano. Nilete barua.

Basi nikaenda kwa balozi wetu, Mzee Nassibu. Nilimwamkia shikamoo, nikamweleza yote, na ujinga wangu ni hayo yote: jina la Leodegar, anapolala, kwamba hana kadi. Mzee alinisikiliza kwa upole. Aliandika palepale, akafunga bahasha, akasema mgonjwa aipeleke mwenyewe ofisi ya kata ikapigwe muhuri. Nilimshukuru mpaka nikapiga goti.

Leodegar hakutaka kwenda. Nilimcheka. Nilimwambia mwanamume mzima anaogopa muhuri, nikamsukuma mgongoni mpaka njiani. Alikwenda Alhamisi. Jumamosi alikuwa juu ya lori na wenzake arobaini, safari ya Rufiji, kwenye kijiji kipya. Hata nguo za kubadili hakuruhusiwa kurudi kuchukua.

Mzee Nassibu nilimkuta barazani. Alisema ametimiza wajibu wake, na kwamba kijijini kuna hewa safi, kifua kitapona chenyewe. Nilimtukana. Nilimtukana yeye na bahasha yake, na sijutii hata neno moja.

Dawa mpya zikaja kwa jina la Albano peke yake. Ni vidonge vikubwa, vinanuka, vinatapisha. Albano aliviangalia kiganjani mwangu.

"Vya Leodegar viko wapi?"

Nikamwambia havipo. Akageukia ukutani. Siku mbili hakumeza. Siku ya tatu sikwenda kazini. Nilifunga mlango nikasimama mbele yake.

"Nichukie," nikamwambia. "Sema nimemuuza ndugu yako, kawaambie na watu. Lakini utameza, na nitaona."

Alimeza huku machozi yakimtoka. Nikatia kidole nikakagua chini ya ulimi, kama anavyokaguliwa mbuzi mnadani. Tangu siku hiyo niliomba zamu ya mchana, na kila asubuhi nakagua. Zamani aliniita Mama Anjelina, na nikikosea aliniita Rosalia. Siku hizi haniiti chochote.

Mwezi wa nne wa dawa hizo makohozi yalitoka safi. Bi Mwanakombo alinishika mikono miwili, akasema nimemwokoa mume wangu, ila asikose hata siku moja kwa mwaka mzima na nusu.

Wiki hiyohiyo ilifika barua ya Leodegar, kaandikiwa na mwalimu wa kijiji. Albano hajui kusoma, akanipa nimsomee. Leodegar alitusalimu sote, akasema hana kinyongo na mimi, anajua nilikusudia mema. Wamempa shamba la mihogo. Amepokelewa kwenye nyumba ya watu saba, wema sana, na wawili wao wameanza kukohoa. Mwishoni aliomba kama Albano anaweza kumtumia vidonge vichache tu, vya kugawana na hao wawili.

Nilimsomea Albano barua yote, salamu na shamba na wema wa watu. Mstari wa mwisho niliuruka.