Mabati ya Chumba cha Kufungashia

Kama kuna neno lililomchefua Mama Lakiri, ni "tutaliangalia hilo." Na kaka yake, bosi wa ghala, alikuwa akimjibu hivyo hivyo tangu mabati yapigwe kwenye madirisha ya chumba cha kufungashia.

Tuelewane mapema. Ghala lilikuwa la familia. Kaka mtu ndiye bosi. Dada mtu ndiye mtunza lakiri, kile kipini cha chuma chenye namba kinachofunga mlango wa kontena, na bila mkono wake hakuna mzigo unaotoka getini. Wapakiaji wakampa jina la Mama Lakiri, likamganda. Halafu kulikuwa na shangazi yao, aliyewalea wote wawili mama yao alipofariki. Yeye alikuwa mezani anafungasha maboksi, kifua kibovu, ubishi mzima. Ukimwambia apumzike nyumbani, anakuuliza nyumbani kuna nini.

Sasa njoo kwenye vyeti. Vilikuwa viwili, na vyote vya hiari, hakuna aliyewalazimisha. Kimoja cha usalama wa biashara: nani ameingia, nani ametoka, kamera ziko wapi, lakiri imefungwa na nani. Ukiwa nacho, mizigo yako haisoti bandarini. Kingine cha majengo yenye afya: hewa, mwanga, maji ya kunywa, viti visivyovunja watu migongo. Bosi akampa dada yake kazi ya kuvilinganisha, akidhani atarudi na jibu fupi. Alirudi nalo kweli.

"Hiki kinalinda mzigo dhidi ya watu," alisema. "Hiki kinalinda watu dhidi ya jengo. Vyote tunaviweza, kaka. Tuweke nondo na wavu madirishani. Mwizi hapiti, hewa inapita."

"Nondo mpaka zichomelewe, mkaguzi wa usalama atakuwa ameshakuja na kuondoka. Mabati yapo pale nyuma. Yapigwe hayo, tumalize."

"Na shangazi je? Lile vumbi la maboksi? Ile gundi?"

"Mteja ananunua mzigo, dada. Hanunui mapafu ya mtu."

Ebo! Mtu mzima na akili zake, anasema hivyo mchana kweupe! Mama Lakiri alitamani kumzaba kibao kama enzi za utotoni. Akameza hasira, mabati yakapigwa. Haikuchukua muda akamkuta shangazi nje ya mlango, mkono mmoja ukutani, anaitafuta pumzi kama mtu aliyekimbizwa. Akamwendea bosi, amwombe aje aone mwenyewe. Bosi hata kichwa hakuinua. Tutaliangalia hilo.

Basi haya. Asubuhi ya ukaguzi wa usalama, kabla bosi hajafika, Mama Lakiri aliegemeza ngazi ukutani akapanda na spana yake. Bati la kwanza lilipotoka, vumbi likaonekana linaogelea kwenye mwanga, na watu wakaanza kukohoa na kucheka kwa pamoja. Wapakiaji wakamwondoa ngazini kwa adabu, "shuka mama, tuachie sisi," wakafungua yaliyobaki. Mabati yote yakaingia kwenye kontena tupu uani. Akalifunga, akapiga lakiri, akaandika namba kama inavyotakiwa.

Bosi akaja. Aliona madirisha yako wazi kabla hata hajazima gari.

"Mabati yako wapi?"

"Ndani ya kontena."

"Fungua!"

"Lakiri haikatwi mpaka tutie saini wawili, mimi na wewe. Ndivyo cheti chako kinavyotaka. Na mimi sitii saini."

"Mimi ni kaka yako!"

"Na mimi ni dada yako, na yule mle ndani ni shangazi yetu. Haya, tumeshajuana."

Mtu akaguna nyuma ya kreni. Bosi alikuwa ameiva uso. Akaenda stoo, akarudi na mkasi mkubwa wa kukatia vyuma, na wakati huo huo mlinzi akapaza sauti kutoka getini kwamba mkaguzi amefika. Bosi hakusikia, au alisikia akapuuza. Akaikata lakiri, kach! Akavuta bati la juu. Bati refu, la watu wawili. Ncha moja ikainuka, nyingine ikakwangua sakafu.

"Shikeni upande ule!"

Hakuna aliyejongea.

"Mmekuwa viziwi? Bosi hapa ni nani?"

"Ni wewe, bosi," alisema dereva wa kreni, mikono mfukoni. "Ila leo mgongo umegoma."

Shangazi alitoka, utepe wa gundi bado umemnata kidoleni. Alitembea taratibu mpaka kwenye mlango wa kontena.

"Shangazi," bosi alisema, jasho linamtiririka, "hebu waambie hawa wanisaidie."

Shangazi akamtazama kwanza, akasubiri pumzi imkae sawa.

"Ulipokuwa mdogo kifua kikikubana, nilikuwa nakubeba mpaka dirishani," alisema. "Nakushikilia pale mpaka upumue. Leo unaniletea bati?"

Bosi akageuka. Nyuma yake mkaguzi alikuwa ameshasimama, faili kwapani, anaitazama lakiri iliyokatwa pale chini.

"Hii imekatwa na nani?"

"Mimi," alisema bosi.

"Kwa saini za nani?"

Bosi akautazama mkasi. Mkaguzi akageukia jengo. "Na madirisha yale?"

"Yako wazi," alisema Mama Lakiri, "na yatabaki wazi mpaka nondo zije. Usitupatie cheti leo. Andika hivyo hivyo nilivyosema."

Mkaguzi akamtazama bosi, maana yeye ndiye mwenye mali. Bosi alimtazama dada yake. Kisha akalilaza bati chini polepole, akajifuta mikono kwenye suruali yake ya kazini.

"Andika," akasema.