Vipimaji Vinane na Wifi Mmoja

Mhandisi alikuwa na kichwa, hilo hakuna aliyebisha, yeye mwenyewe ndiyo kabisa. Chipu aliyoibuni ilikuwa ya kupima mawimbi ya umeme na kuyageuza namba, mara bilioni kumi kwa sekunde. Kipimaji kimoja hakiziwezi mbio hizo, hata ukibembeleze vipi, ndiyo maana aliweka vinane vipokezane zamu. Sharti ni moja: vyote viwe pacha. Kimoja kikitofautiana na wenzake hata kiduchu, chipu inatoa wimbi ambalo hakuna aliyelituma. Pale ofisini waliliita mzuka.

Mchoro ulitakiwa ufike kiwandani kabla ya saa kumi alasiri. Ukichelewa, zamu nyingine ni baada ya miezi minne, na mteja alishasema hasubiri. Saa saba mchana kompyuta ikamaliza jaribio la mwisho, na mzuka huyo hapo, kasimama katikati ya skrini bila haya.

Mhandisi akafungua mchoro. Vipimaji vinne vilitazama kushoto, vinne kulia, kama milango ya kabati. Vilipendeza, lakini kiwandani chembe za kemikali hurushwa kwenye chipu kwa mshazari, kwa hiyo cha kushoto na cha kulia havitoki sawasawa. Kosa la mwanafunzi!

Mchoraji alikuwa wifi yake, dada wa mumewe, fundi wa miaka ishirini kazini, mwenye ulimi usio na breki. Mhandisi akamwendea na kumwambia mbele za watu kwamba mchoro wake utawaponza wote.

Wifi akafungua barua ya wiki sita nyuma, akaisoma taratibu. Lilikuwa agizo la mhandisi mwenyewe: vinne vigeuzwe ili waya ufupike. Chini yake wifi alikuwa ameuliza, je, havitatofautiana? Akajibiwa: wewe chora tu. Kuuliza si ujinga, wanasema. Kujibu ndiko kunakoponza.

Mhandisi aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

"Nisamehe, wifi. Nilijiona najua kila kitu."

"Uliniambia nichore tu, nikachora," wifi akasema. "Halafu nikachora na wa pili, vyote vikitazama upande mmoja. Nilikuwa nasubiri uje."

Wakaujaribu huo wa pili. Kwa muda wa saa mbili na nusu walikaa bega kwa bega, hakuna utani. Skrini ikatoka safi. Mhandisi akamkumbatia wifi yake, nusura waangushe kiti.

Zilibaki dakika kumi. Mbunifu ana haki ya kuweka herufi za jina lake pembeni mwa chipu, ndogo kuliko chembe ya vumbi. Mhandisi akafuta zake, akamwambia wifi aandike za kwake.

Wifi akajipangusa macho kwa kiganja, akaandika.

"Na ikifeli, lawama za nani?" akauliza.

"Zako, wifi. Si jina lako hilo?"

Walicheka hata kitufe cha kutuma wakakibonyeza kwa taabu, saa kumi kasoro dakika mbili.