Bosi Aenda kwa Shangazi

Siku Bosi alipoanguka kwenye mstari wa asubuhi shuleni, mama yake hakupata habari mpaka saa saba mchana. Kiwandani walikoshona mashati, simu za wafanyakazi zilikaa kwenye sanduku la msimamizi mpaka muda wa kula, na yeye alikuwa benchi la tatu, anakotia kola. Alipoichukua simu yake alikuta mwalimu amepiga mara nne. Akapiga papo hapo. Mwalimu alimwambia mtoto hajambo, ni kizunguzungu tu kilimshika, wamempa chai na kipande cha mkate na sasa yuko darasani anawapanga wenzake nani akae wapi. Kisha akauliza kwa upole: asubuhi alikunywa nini?

Alikunywa uji. Mama alimwona kwa macho yake akiondoka mezani na kikombe kitupu.

Bosi lilikuwa jina la nyumbani. Alikuwa na miaka sita, na tangu alipojua kusema alikuwa akitoa amri: baba avue viatu mlangoni, mlango ufungwe, fulani asiguse. Mdogo wake wa kiume, mwenye miaka mitatu, walimwita Mchwa kwa sababu alitafuna kila kitu, hata kona ya daftari la dada yake. Wa mwisho alikuwa na miezi minane na bado hakuwa na jina la utani, kwani kazi yake ilikuwa moja tu, kulia. Baba yao alikuwa fundi wa vigae. Kazi nzuri, ila mwaka huo watu walioishi kwenye nyumba zisizokamilika waliamua sakafu ya saruji inatosha. Kila asubuhi alibeba ndoo yake ya zana akazunguka kwenye majengo, na siku nyingi alirudi nayo vilevile, safi.

Vitu vilipanda bei kimoja baada ya kingine, na nyumba ile iliviaga kimoja baada ya kingine. Nyama ilitangulia. Yakafuata mayai, kisha maziwa, yakabaki ya mdogo peke yake. Mama mmoja wa mtaani aliyekuwa akiwalea Mchwa na mdogo wake mchana alipandisha ada mara mbili, na ya tatu akasema kila mtoto aje na unga wake. Hakusema kwa ubaya. Naye alikuwa na wake.

Kesho yake asubuhi mama alijibanza nyuma ya pazia la chumbani huku mdogo amemfunga mgongoni. Akamwona Bosi anakunywa mafunda mawili, anatazama kushoto na kulia, halafu anaumimina uji wote uliobaki kwenye kikombe cha Mchwa. Akajifuta mdomo kwa kiganja kama mtu aliyeshiba, akaenda kukiosha kikombe.

Mama hakugomba. Alikaa kwenye kigoda, akamuuliza kwa nini anafanya hivyo.

"Mimi nimekuwa mkubwa," Bosi akasema. "Watu wakubwa hawali sana. Wewe huli, na baba hali."

Maneno hayo yalimkata maini. Mama alikuwa na mazoea ya kusema amekula kazini. Baba alikuwa akisema amepata kitu njiani. Kumbe miezi yote hiyo walikuwa wanaigiza mbele ya mtu aliyekuwa anasoma mchezo wote, na sasa ameamua kuingia naye.

Jioni ile alimwambia mumewe ampigie dada yake. Baba alimtazama kwanza kama hakusikia. Dada yake alikuwa karani wa ofisi ya maji katika mji mwingine, mwendo wa saa sita kwa basi, mjane asiyejaliwa mtoto. Alikwishaomba mara mbili akae na Bosi mpaka mambo yatengemae, na mara zote mbili mama alikataa. Ile ya pili alimjibu kwamba mtoto si sufuria ya kuazimana, na tangu siku hiyo mawifi hao walikuwa wanasalimiana kupitia kwa baba tu.

"Una hakika?" baba akauliza.

Alisema hana hakika. Apige tu.

Wifi alikuja Jumamosi iliyofuata. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya barabara hata anapoomba chumvi, na mama alikuwa amejiandaa kusikia kejeli. Alitegemea angalau jicho moja la nilikwambia. Halikuja. Wifi alivua viatu, akambeba mdogo, akasema mtoto ana miguu ya babu yake, masikini, atapata taabu ya viatu. Akalala kwenye mkeka chumbani kwa watoto ingawa walimpisha kitanda. Siku ya pili, yeye na mama walipokuwa wanakunja nguo za Bosi na kuzipanga begini, ndipo alipoishusha sauti.

"Wifi, sikuja kukunyang'anya. Nakushikia tu."

"Najua, wifi," mama akajibu. Hakuwa anajua. Lakini ilibidi aseme kitu, kwa sababu alikuwa ameshika gauni ambalo Bosi alilivaa siku ya kwanza ya shule, na limeshakuwa fupi.

Bosi mwenyewe alipoambiwa hakulia. Aliuliza huko kuna shule? Ipo. Kuna watoto? Wapo. Akauliza nani atamfunga Mchwa vifungo. Baba akasema ni yeye. Basi Bosi akamkalisha baba yake akamfundisha: unaanzia chini, si juu, ukianzia juu vinapishana, na mdogo akilia usimrushe hewani, anatapika. Baba aliitikia kila neno kwa adabu zote, kisha akatoka nje, akasimama nyuma ya nyumba kwa muda mrefu kuliko haja iliyompeleka.

Basi lilikuwa la saa nne Jumatatu. Mama aliomba ruhusa, akanyimwa. Siku zake zote za mwaka zilikwishamalizwa na homa za watoto. Kwa hiyo alimuaga Bosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, mtoto yuko nusu usingizini, ana joto la shuka. Alitaka kumwambia mengi. Akamwambia apige mswaki na amtii shangazi. Bosi akasema, "Ndiyo, mama," akageukia ukutani.

Asubuhi hiyo alishona kola kinyume. Si moja wala mbili, bali kifurushi kizima, na mkaguzi akakirudisha mezani bila kusema neno, jambo ambalo ni baya kuliko kusemwa. Ilimpasa kufumua zote kabla ya jioni la sivyo zikatwe kwenye mshahara. Muda wa kula ulipofika, mwanamke wa benchi la vifungo, aliyeitwa Mama Vifungo hata na watoto wake mwenyewe, alisogeza kiti akachukua nusu ya kifurushi na wembe. Walifumua kola moja moja. Karibu na mwisho Mama Vifungo alisema kwamba yeye mwenyewe alilelewa kwa mama yake mdogo miaka minne. Mama akamuuliza ilikuwaje.

"Nilikula," akasema Mama Vifungo. Akapuliza nyuzi mezani, wakaendelea.

Wiki za kwanza Bosi alilia kwenye simu kila Jumamosi, na mama alikuwa akimaliza maongezi, anakaa chooni mpaka uso utulie. Kisha akaacha kulia. Akaanza kueleza: jino limetoka, kuna paka, shangazi anakoroma kama mashine ya kusaga. Mwezi wa tatu tangu aondoke, mama alipopiga, Bosi alisema kwa haraka, "Mama, nipigie baadaye, tuko kwenye kamba," na simu ikabaki wazi mkononi mwa shangazi, kelele za watoto wakiruka kamba zikisikika. Mama aliwasikiliza mpaka salio likaisha.

Kulikuwa na jambo ambalo hakumwambia mtu. Asubuhi zilikuwa zimepungua uzito. Kikombe kimoja, sare moja ya kufua, daftari moja la kununua. Vitu vidogo, lakini vilipotoka, pumzi ilipatikana. Mchwa alianza kujaa mashavuni. Siku moja mama alijikuta anaimba akichuja chai, akanyamaza ghafla kama mtu aliyeshikwa anaiba.

Mwishoni mwa mwaka shule zilipofungwa, wifi akamleta Bosi kwa likizo. Alikuwa amerefuka. Shingo imejaa, nywele zimesukwa mistari iliyonyooka, na mdomoni meno mapya mawili makubwa kama ya kuazima. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo mama," kama anavyosalimiwa mtu mzima wa jirani. Akamrukia Mchwa kwa furaha, lakini kiu ilipomshika aliuliza kama anaweza kupata maji. Mama alimwonyesha mtungi, uleule, palepale.

Baba wakati huo alikuwa amepata kazi. Zahanati ilikuwa inajengwa, vyumba tisa, na yeye alipewa sakafu zote. Magoti yake yalirudi na vumbi jeupe, na nyumba ikarudi na mayai. Jioni ya tatu, watoto wakiwa nje, wifi alifungua pochi yake akatoa bahasha. Ilikuwa barua ya uhamisho kutoka shule ya kule, imegongwa muhuri, tayari kumrudisha Bosi shule yake ya zamani.

"Hakuna aliyeniambia niilete," akasema wifi. "Nimeona niwe nayo. Msije mkashindwa kuniomba."

Aliiweka mezani, akaondoa mkono haraka, kisha mkono ukakosa pa kwenda ukarudi kushika pochi. Ndipo mama alipoelewa mwanamke huyu amesafiri saa sita na kitu gani mapajani.

Baba alifurahi waziwazi. Alisema mtoto akae, kazi ipo. Mama akamuuliza zahanati itakwisha lini. Mwezi wa tatu, akasema baba, labda wa nne. Na baada ya hapo? Baba akatazama magoti yake. Mama aliisoma barua yote, mpaka jina la mwalimu mkuu, ingawa hakuwa anatafuta chochote ndani yake. Kisha akaikunja kwenye mikunjo yake ya kwanza, akamrudishia wifi yake.

"Mwakani," akasema. "Kaa naye mwaka mmoja zaidi. Akirudi nataka arudi moja kwa moja, asije akarushwa huku na huku kama mpira."

Wifi aliirudisha bahasha kwenye pochi taratibu, na machozi yalimtoka, asijue ni ya furaha au ya aibu ya furaha hiyo. Mama alimshika bega. Ilikuwa mara ya kwanza.

Mama mwenyewe ndiye aliyemwambia Bosi, kesho yake, wakiwa wanaanika nguo. Alimweleza bila kuzungusha maneno kwamba kazi ya baba ni ya muda mfupi, kwamba yeye anatakiwa asome na tumbo limejaa, kwamba atarudi akimaliza darasa la pili. Bosi aliendelea kumpa vibanio kimoja kimoja.

"Ni kwa sababu nilianguka mstarini?"

"Hapana. Ni kwa sababu mimi na baba tulikuwa hatujui unatuona."

Mtoto aliwaza. Halafu akatoa amri zake: Mchwa aende naye likizo ijayo, alale upande wa ukutani, na asilisogelee daftari la dada yake. Mama akakubali yote matatu.

Siku yao ya mwisho ilikuwa Jumapili. Mama alikuwa ameipangia mambo mengi: angemsuka, wangekwenda kumtazama baba anapofanyia kazi, angemuuliza yale ambayo kwenye simu hayaulizwi. Baada ya chakula alikaa kitandani amngoje Bosi alete kitana. Akaegemea ukuta. Juma zima alikuwa ameshona saa za ziada, na mdogo alikuwa anaota meno.

Aliposhtuka jua lilikuwa limeshafika dirisha la upande wa pili. Nyumba ilikuwa kimya. Bosi alikuwa amekaa miguuni pake na kitana mapajani, anamwondolea nyuzi za kiwandani zilizonata kwenye sketi, anazikusanya kwenye kifuniko cha chupa. Wengine wote alikuwa amewafukuza nje, pamoja na shangazi.

Mama alijikasirikia. Alisema, mwanangu, kwa nini hukuniamsha, mchana wote umekwenda bure.

"Ulikuwa umechoka," Bosi akasema. "Mimi nilikuwepo."

Akasogea akampa mgongo ili asukwe. Mama alichana nywele zile mpaka giza lilipoingia, mistari ikatoka mipindapinda, si kama ile ya shangazi. Asubuhi Bosi alipanda basi nazo hivyohivyo. Darasa la pili alilimaliza kule, na alirudi mwaka uliofuata, mwezi wa kwanza, akiwa na miaka minane na begi alilolibeba mwenyewe.